Bastola ya babu: asubuhi inagoma, mchana inakubali. Shida iko wapi?

MjukuuWaKibosho

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa silaha za zamani mnisaidie kuielewa bastola moja kabla sijaipeleka kwa fundi. Nikienda bila kujua ninachokwenda kusema, nitarudi na bili ndefu na bastola ileile.

Nianze na swali ambalo najua linakuja. Ndiyo, ina kibali, na kibali kina jina langu. Babu alipofariki iliwekwa polisi pamoja na risasi zake, mirathi ikaenda mahakamani, na baada ya mizunguko ambayo sitaki kuikumbuka nikamilikishwa mimi. Baba zangu walitaka iuzwe. Ila babu alishasema mbele ya mashahidi kwamba iende kwa yule aliyekuwa akimshikia taa wakati anaisafisha, na huyo ni mimi, wapende wasipende. Risasi sikuzichukua na sina mpango wa kupiga chochote. Nataka iwe kitu kizima, si chuma kilichofia sandukuni.

Historia yake: babu alikuwa nyapara kwenye shamba la kahawa upande wa Sanya Juu. Mzungu mwenye shamba alikuwa ofisa jeshini wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Alipoondoka nchini alimwachia babu kwa karatasi halali za enzi hizo, na karatasi tunazo.

Yenyewe ni ya kukunja. Ukisukuma komeo la juu, karibu na nyundo, mtutu unainama mbele na silinda inabaki wazi. Matundu sita. Upande wa kulia wa fremu kuna taji, neno ENFIELD, No 2, MK I, halafu kinyota kidogo ambacho hakikukaa kwenye mstari na maandishi mengine, kimegongwa pembeni kama aliyekigonga alikuwa na haraka. Chini yake 1936.

Sasa vituko vyake. Triga ukiivuta na kuiachia hairudi upesi, inajikokota. Asubuhi huku Kibosho, na mwezi huu wa Julai mnajua baridi yake, inabaki nyuma kabisa mpaka niisukume mbele kwa kidole. Mchana jua likishawaka, ileile inarudi bila shida. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kama nina bastola au nina mgonjwa wa baridi yabisi.

Ukiifungua, kile kitoa maganda katikati ya silinda kinapanda kama kawaida, lakini kikifika juu hakishuki. Nakirudisha kwa mkono.

Tatu, ukivuta triga polepole, kuna wakati nyundo inaanguka silinda ikiwa haijafika mahali pake. Si kila mara.

Na mwisho, nyundo haina ule mkia wa kuivutia kwa dole gumba. Mgongo wake ni laini. Binamu yangu anaapa kuna mtu aliukata kwa msumeno, na anasema thamani yote imekwenda na huo mkia. Je, ni kweli?

---

Mzee wa Sheria

Dada, umefanya vizuri kueleza habari ya kibali mwanzoni. Mawili tu. Usiweke picha inayoonyesha namba ya silaha. Na chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kazi ya kufungua na kutengeneza silaha ni ya fundi mwenye leseni ya kazi hiyo, siyo ya fundi yeyote mwenye bisibisi. Siku ya kuipeleka, ongea kwanza na kituo kinachoshughulikia kibali chako ili usije ukaulizwa njiani unakwenda nayo wapi.

---

Dereva_Himo

Hiyo rahisi sana dada. Mimina thina humo ndani, piga mswaki, tingisha. Hilo jino la silinda linalochelewa lipige tupa kidogo lilingane na mengine. Tumetengeneza injini za Scania kwa njia hiyo hapa Njia Panda, sembuse bastola.

---

Bohari_Mstaafu

Dereva, kaa mbali na hiyo bastola.

Binti, nimefanya kazi bohari ya silaha za askari wa wanyamapori mpaka nikastaafu, na za aina hiyo zimepita mikononi mwangu. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, siyo wako, kwa sababu vituko ulivyoandika si vinne. Ni viwili, na kimoja si kituko kabisa.

Kwanza huo mkia. Mwambie binamu yako yuko sahihi nusu. Serikali ya Uingereza iliidhinisha Enfield No. 2 Mk I mwaka 1932. Ya mwanzo hiyo ilikuwa na mkia kwenye nyundo, ungeweza kuikoki kwa dole gumba. Mwaka 1938 wakatoa Mk I*, hicho kinyota ndicho chenyewe, na ndani yake nyundo haina mkia, haina pengo la kukokia, na springi imepunguzwa ukali kidogo. Ni ya kuvuta triga tu tangu mwanzo hadi mwisho. Maelezo yanayotolewa siku zote ni kwamba askari wa vifaru walikuwa wakinaswa na ule mkia kwenye vitu vya ndani ya kifaru. Sasa angalia mwaka wako: 1936. Kinyota hakikuwapo 1936. Maana yake yako ilizaliwa Mk I yenye mkia, ikaingia karakana ya jeshi wakati fulani baada ya 1938, ikabadilishwa nyundo, na fundi wa karakana akagonga kinyota chake mahali alipopata nafasi. Ndiyo maana kimekaa pembeni. Nyingi sana za Mk I zilibadilishwa hivyo zilipoingia matengenezo. Hakuna msumeno hapo, na hakuna thamani iliyokwenda. Hicho kinyota kilichopinda kingekosekana ndipo ningeshtuka.

(Kwa anayependa hadithi: umbo hilo Webley, watengeneza silaha wa Birmingham, waliliona ni lao. Serikali iliwashirikisha kwenye usanifu kisha ikaenda kuitengeneza kwenye kiwanda chake yenyewe huko Enfield. Webley wakadai fidia, mwishowe wakapewa pauni 1,250. Ukiishika hii na ya Webley mkononi utaelewa kwa nini walikasirika.)

Sasa triga. Ndani ya kitako kuna springi moja ya umbo la V. Mkono mmoja unaisukuma nyundo, na nguvu ya springi hiyohiyo ndiyo inayorudisha triga mbele na kuivuta nyundo nyuma kidogo baada ya kupiga. Kwa hiyo triga ikizembea, nyundo nayo inazembea. Jaribu hivi, na kabla ya hapo fungua, angalia matundu yote sita, elekeza kwenye mwanga uone mwanga umepita kila tundu. Funga. Vuta triga mpaka nyundo ianguke, usiachie. Itazame nyundo kwa upande, imelala imegusa fremu. Sasa achia triga taratibu huku unaangalia. Nyundo inatakiwa kurudi nyuma kidogo, utaona nafasi ndogo imefunguka. Ukiwa hapo, isukume nyundo mbele kwa dole gumba. Haitakiwi kwenda. Kuna kizuizi cha usalama ndani kinachoikatalia. Mwaka 1942 Waingereza kwa haraka ya vita walitoa toleo la Mk I lenye vinyota viwili, lisilo na kizuizi hicho, na baada ya vita wakazirudisha nyingi kukiweka upya. Yako ina kimoja kwa hiyo inatakiwa iwe nacho, lakini usinitegemee mimi, jaribu.

Asubuhi kwenye baridi ndipo ufanye hili jaribio, siyo mchana. Gonjwa likitaka kujificha mchana, wewe liendee alfajiri.

Springi iliyochoka haijui saa. Ikichoka, imechoka asubuhi na mchana. Chuma kilichopinda hali kadhalika. Kitu kinachogoma baridi na kukubali joto ni mafuta. Kwa hiyo nakuuliza: hiyo bastola iliwahi kupakwa mafuta gani, na nani, lini?

Kuhusu silinda, sitasema neno mpaka mafuta yajulikane. Nitakueleza sababu.

---

SindanoNaUzi

Mimi sijui bastola, niko kwenye cherehani hapa Mbuyuni, lakini hili la asubuhi na mchana nalijua kama jina langu. Mteja analeta cherehani, anasema "mama, asubuhi gurudumu halizunguki, nikiianika juani inakwenda." Nikifungua, siulizi tena. Nanusa. Ni mafuta ya kupikia. Mtu ameishiwa mafuta ya cherehani, akachukua chupa jikoni. Wiki ya kwanza inateleza vizuri kuliko zamani, anajisifu. Baada ya miezi yanaanza kunata, yanakuwa rangi ya asali, mwisho yanakauka yanakuwa kama vanishi na ukucha hauyatoi.

Mwanangu, toa hivyo vibao vya kitako, kama vinatolewa, uangalie pembeni ya hiyo springi. Kama ni rangi ya asali na yananata, umeshapata jibu.

---

Bohari_Mstaafu

Mama wa Mbuyuni, heshima yako. Na usiseme hujui bastola: kiwanda cha cherehani cha Singer kule Clydebank, Uskoti, wakati wa vita kilitengeneza vipuri vya bastola hizihizi, vikapelekwa Enfield kuunganishwa. Ya huyu binti ni ya 1936 kwa hiyo haihusiki, ila huenda cherehani iliyoko mbele yako imetoka kwenye mlango mmoja na dada zake.

Binti, vibao vya kitako vimeshikwa na skrubu moja. Hiyo unaweza kutoa wewe, ni usafi wa kawaida wa mwenye silaha. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu, siyo ile ya kufungulia redio. Ishia hapo. Bamba la pembeni la fremu usiliguse.

---

MjukuuWaKibosho

Mzee Bohari shikamoo. Mama wa Mbuyuni shikamoo.

Nimetoa vibao. Rangi ya asali, na inanata. Pale chini ya springi imekuwa ngumu kabisa, nimekwangua kwa kijiti cha meno kikavunjika. Harufu ni ya jikoni, kama kikaango kilichosahaulika.

Nimempigia baba mdogo, ndiye aliyekaa nayo kipindi babu anaumwa, kabla haijaenda polisi. Nikamuuliza kwa upole. Akasema, "Niliitunza vizuri sana, niliipaka alizeti safi kabisa, ile tunayonunua ya Singida." Alisema kwa fahari. Sikuwa na la kujibu.

Jaribio la nyundo nimelifanya saa kumi na mbili asubuhi. Triga ikiwa imebaki nyuma, nyundo nayo imebaki mbele, imegusa fremu. Nikiisukuma triga mbele kwa kidole, nyundo inarudi nyuma, nafasi inaonekana. Hapo nikiisukuma kwa dole gumba haiendi hata kidogo, ni kama ukuta.

---

Bohari_Mstaafu

Marahaba.

Vizuri. Kizuizi kipo na kinafanya kazi, hilo ndilo lililokuwa likininyima raha. Lakini soma tena ulichoandika: triga ikibaki nyuma, nyundo inabaki mbele. Nyundo ikibaki mbele, pini yake imechungulia kwenye uso wa fremu. Mtu akiifungua wakati huo, akaweka risasi, akaifunga kwa nguvu, pini inakutana na fataki. Si lazima ilipuke, lakini mimi nisingependa kuwa mbele yake. Kwa hiyo mpaka iwe safi, hiyo haiguswi na risasi hata moja. Najua huna. Nawaandikia wanaosoma.

Alizeti. Mafuta ya mbegu namna hiyo yakikaa hewani yanashika hewa na kuganda. Wachoraji wanatumia mafuta ya kitani kwa sababu hiyohiyo, yakauke ukutani. Alizeti inakwenda polepole zaidi ila inafika. Oili ya cherehani au ya silaha haifanyi hivyo, ikikaa sana inapungua tu na kuacha chuma kikavu.

Kusafisha: mafuta ya taa. Nje, mbali na jiko, mbali na sigara. Vibao vya mbao viweke kando, visiingie. Bastola yote izame kwenye beseni usiku mzima, asubuhi mswaki wa meno mkuukuu, unavuta triga humohumo ndani ya mafuta, unaifungua na kuifunga, unaona uchafu unatoka kama chai. Rudia mpaka yatoke meupe. Kisha jua, kisha kitambaa, kisha oili nyepesi kidogo sana. Kidogo, binti. Chombo hiki hakinywi, kinanusa tu.

Thina hapana. Nyingi za hizi zilipopita kwenye ukarabati zilipakwa rangi nyeusi juu ya chuma, na thina itaivua yote ubaki na kitu cha mabaka. Ukiangalia yako na kuona weusi wake ni wa rangi, siyo wa chuma kilichochomwa, basi Dereva angekuharibia kwa dakika tano.

Kitoa maganda kisichoshuka: nadhani ni alizeti ileile imeingia kwenye mhimili na chini ya kile kisahani. Lakini uhakikishe pia unaifungua mpaka mwisho. Hizi ukizifungua polepole, kitoa maganda kinapanda, na kile kidude cha bawabani kinachokipandisha kinakiachia pale mtutu unapofika mwisho wa safari yake tu. Watu wengi wanaishia njiani kwa kuihurumia, kisha wanalalamika hakirudi. Ifungue yote.

Na hii ndiyo sababu nilikataa kuzungumzia silinda. Nyuma ya hicho kitoa maganda ndipo yalipo meno yanayosukumwa na kile kidole cha ndani ili silinda izunguke. Kama chini yake kuna uchafu ulioganda, kisahani kimenyanyuka, na meno yote yamehama kutoka mahali pake. Silinda itakaza, itachelewa, itafanya vioja. Ukihukumu jino kabla ya kuosha, utamfunga asiye na hatia.

Ukishaosha, chukua chaki. Weka alama nje ya silinda kwenye tundu moja, liwe la kwanza, uhesabu kutoka hapo. Vuta triga polepole sana, huku kidole cha mkono mwingine kinagusa silinda kwa wepesi kuipa uzito kidogo. Silinda inatakiwa ifunge kabla nyundo haijaanguka. Usivute haraka: ukivuta haraka silinda inajirusha yenyewe na kuficha ugonjwa. Zunguka mara kadhaa kisha uniambie jambo moja tu: kosa linafuata alama ya chaki, au linatokea popote?

Hapo ndipo penye kila kitu. Kosa linalozunguka na silinda liko kwenye silinda. Kosa lililokaa mahali pamoja huku silinda ikizunguka liko kwenye fremu: kile kidole cha ndani, kizuizi cha silinda, springi. Fundi akianza kubadilisha vipuri kabla hajajua hilo, huyo anauza vipuri.

---

Dereva_Himo

Mzee nimekusikia, thina nimeiweka chini. Swali langu lingine basi. Akishaitengeneza, si atumie tu risasi za .38 za kawaida, zile za Special? Namba si ileile?

---

Bohari_Mstaafu

Namba ileile, risasi tofauti. Hii inatumia .38/200, ganda lake ni fupi, kama milimita 20, na ni nene kidogo. Ganda la .38 Special ni la milimita 29, jembamba zaidi kwenye kitako, na nguvu yake ni kubwa kuliko ile silaha iliyosanifiwa kuihimili. Kwenye tundu ambalo halijaguswa haitaingia yote, itasimama. Shida ni kwamba huko nje wapo waliochimba matundu ili ya Special iingie. Ikipigwa, ganda jembamba kwenye tundu nene linavimba na kupasuka, usoni mwako.

Binti, ukiwa na tochi, chungulia kila tundu. Ndani, karibu katikati, utaona bega, mahali tundu linapobana. Bega likiwepo kwenye yote sita, hakuna aliyechimba. Tundu likiwa limenyooka mwanzo hadi mwisho kama bomba, nijulishe, na mjulishe fundi kabla hajasema lolote.

---

MjukuuWaKibosho

Mzee, ripoti.

Mafuta ya taa yalitoka rangi ya chai ya rangi, kisha chai ya maziwa, sijui ile nyeupe ilitoka wapi. Nimerudia mpaka yametulia. Triga sasa inarudi hata alfajiri, ina mlio wake, mlio ninaoukumbuka nikiwa mtoto. Nyundo inarudi nayo. Kitoa maganda kinashuka, na kweli nilikuwa siifungui mpaka mwisho. Kikishuka kinapiga "tap".

Mabega yapo kwenye matundu yote sita.

Weusi wake ni wa rangi. Kuna mahali pamekwaruzika karibu na bawaba, chini yake chuma kina weusi mwingine wa kibuluu. Namshukuru Mungu kwa ajili ya thina.

Silinda: matundu matano yanafunga vizuri kabisa, na silinda imekuwa nyepesi, haikazi tena popote. La nne halifungi. Nimehamisha alama ya chaki nikaanza kuhesabu kutoka tundu jingine ili nisijidanganye, bado ni lilelile. Kwa hiyo kosa linazunguka na silinda. Kwa maneno yako, fremu haina hatia.

---

Bohari_Mstaafu

Umefanya kazi ya fundi na nusu.

Bado tugawanye mara moja zaidi. Kwenye silinda kuna sehemu mbili zinazoweza kukosea kwa tundu moja: jino lililoko nyuma, linalosukumwa na kidole, au kishimo cha pembeni ambamo kizuizi kinaingia kuifunga silinda. Njia ya kuzitenganisha haihitaji chombo. Vuta triga polepole kwenye lile la nne, nyundo ikishaanguka, shikilia triga nyuma, usiachie. Sasa izungushe silinda kwa kidole, kidogo tu, upande uleule inaokwenda. Ikisogea unywele mmoja ukasikia "tik" na ikafunga, basi kishimo ni kizima na silinda ilikuwa haijafikishwa. Jino ni fupi. Ikipita bila kufunga, au ikafunga na kufunguka ukiitikisa, kishimo ndicho kilicholika.

Kisha ifungue, tazama meno kwa kioo cha kukuzia. Linganisha la nne na jirani zake.

---

MjukuuWaKibosho

Imesema "tik". Mara zote.

Meno nimeyaangalia kwa lenzi ya mjomba ya kutazamia mihuri ya posta. Matano yana ukingo mkali na mng'ao wa kusuguliwa uliosambaa. Moja ukingo wake umeviringika, na juu yake kuna mikwaruzo midogo midogo, yote imelala upande mmoja, imenyooka, sambamba.

---

Bohari_Mstaafu

Mikwaruzo sambamba ni tupa. Msuguano wa kawaida hauchori mistari iliyonyooka namna hiyo, unang'arisha. Kuna mtu, miaka mingi kabla yako, aliona silinda inakaza, na nadhani ilikuwa inakaza kwa sababu ya uchafu tu, akachagua jino moja akalipunguza. Dereva, unaona? Chuma kikishapunguzwa tupa haikirudishi.

Sasa sikiliza vizuri cha kumwambia fundi mwenye leseni, maana hapa ndipo watu wanapokosea hata wakiwa na cheti ukutani. Atajaribu, ataona silinda haifiki, na dawa ya kwanza inayokuja kichwani ni kuweka kidole kirefu zaidi au kukinyoosha hicho kilichopo. Kidole kirefu kitalifikisha lile la nne, ndiyo. Lakini matano mengine yaliyo mazima yatafika kabla ya wakati, silinda ifunge huku triga bado ina safari, kila kitu kisuguane na kukaza, na baada ya muda uwe na meno sita mabovu badala ya moja. Kwa hiyo asiguse kidole. Kinachobadilishwa ni kitoa maganda chenyewe, kwa sababu meno yamechongwa juu yake, ni kipande kimoja. Kikipatikana kingine, kitahitaji kusawazishwa tundu kwa tundu, hiyo kazi ni ya mkono na ya subira. Kikikosekana, mwenye ujuzi wa kuchomelea vitu vidogo anaweza kuongeza chuma juu ya lile jino na kulichonga upya, lakini awe ameshafanya hivyo kabla, asijifunzie kwako.

Mpaka hapo, ni ya kutazamwa tu. Tundu lisilofika mahali pake maana yake risasi inaingia mtutuni kwa ubavu, inanyolewa na kutema vipande pembeni, kwenye mkono na jicho la aliye karibu.

Na mwambie fundi aangalie bawaba na komeo la juu wakati ameishika. Funga, shika fremu kwa mkono mmoja, mtutu kwa mwingine, tikisa juu na chini, kisha kushoto na kulia. Hili hata wewe unaweza. Ukisikia mchezo, mwambie.

---

MjukuuWaKibosho

Kushoto na kulia hakuna kitu. Juu na chini kuna kidogo sana, nausikia zaidi kuliko kuuona.

Nimeandika yote kwenye karatasi: mafuta yameshaoshwa, kosa ni tundu la nne, kishimo kizima, jino lilipigwa tupa, asiguse kidole, aangalie komeo. Kituoni nimeshaongea nao, wamenielekeza namna ya kuisafirisha hadi Arusha kwa fundi anayetambulika. Nitaleta majibu akishaiona.

Asante sana mzee, na mama wa Mbuyuni. Siku nikishuka Moshi mjini nitakuja kununua mafuta ya cherehani ya halali.

Baba mdogo amesoma uzi huu wote kwenye simu yangu, amenyamaza muda, halafu anauliza kama na panga lake alilolipaka alizeti limeharibika.

---

SindanoNaUzi

Mwambie panga halina springi, aendelee kulipaka.

---

Bohari_Mstaafu

Apake, ila asiliweke kwenye ala ya ngozi, litagandia humo.